Mama Sare na Mafundi wa Kambini

Mama Sare hakuwahi kuitazama nguo kwa nje kwanza. Ukimletea gauni, hata liwe la kumeremeta namna gani, alilipindua ndani nje, akalisogeza karibu na macho, akaufuata mshono kwa ukucha wa kidole gumba kuanzia kwapani mpaka kwenye pindo. Akimaliza ndipo alipoligeuza na kukuuliza habari za nyumbani. Na wala hakuzifanyia hivyo nguo za dukani peke yake. Nimemwona msibani, Ilala, mkono mmoja akimpa pole mfiwa, mkono wa pili umeshika ncha ya kanzu ya shemeji wa marehemu, anaipindua taratibu. Yule bwana alidhani anafarijiwa, akamshukuru.

Jina lake la kwenye kitambulisho ninalijua, ila Kariakoo sijamsikia mtu akilitumia. Alikuwa Mama Sare kwa sababu aliuza sare za harusi. Harusi ya Dar es Salaam bila sare ni kikao tu cha watu wenye njaa. Kamati huchagua kitambaa kimoja na rangi moja, halafu kila shangazi, kila jirani na kila anayefanya kazi na bi harusi anashonewa nguo ya kitambaa hicho. Mama Sare aliuza kitambaa, akawapima watu, akagawa kazi kwa mafundi. Duka lake lilikuwa Mtaa wa Sikukuu, na kwenye kibaraza cha duka hilo ndipo nilipoweka cherehani yangu nilipokuja kutoka Masasi, nikakaa hapo miaka mingi kuliko niliyokaa kwa wazazi wangu.

Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, hayo sitayagusa, maana kila aliyemuuliza alipewa jibu lake. Wamakonde aliwaambia ni Mmakonde. Mzee mmoja wa Kisutu aliapa kwamba ni binamu yake.

Alikuwa bahili wa pini. Jioni alipita na sumaku iliyofungwa kwenye kamba, akiikokota sakafuni kama anatembeza mbwa, na pini iliyonasa ilirudi kwenye kopo. Mtu huyohuyo mchana alipika sufuria la wali na samaki, akalisha kibaraza kizima pamoja na wapita njia waliokuwa na ujasiri wa kukaa. Alitukataza tusipige muziki dukani, eti unapindisha mshono, lakini kwenye harusi alikuwa wa kwanza kuingia ukumbini kucheza. Nyingi ya harusi hizo hakualikwa. Alikwenda kukagua sare zake, na kwa kuwa aliijua kila nguo mle ndani, walinzi wa mlangoni walidhani ni mama wa bwana harusi.

Alisema, "Mimi sina haraka, nina wateja." Alisema nguo inayokuchukia utaijua kwenye kwapa. Mteja akilalamika kwamba fundi kachelewa, alimjibu kwamba hata mumewe alichelewa na alimvumilia. Sijui mteja gani alirudi tena baada ya majibu hayo, lakini walirudi.

Habari ya kambi ilianza na mazoea yake hayo ya kupindua nguo za watu. Alikwenda Kigoma kwenye harusi ya mkwewe, na siku ya soko wakampeleka kutembea kwenye soko lililo jirani na kambi ya wakimbizi, ambako wenyeji na watu wa kambini walikuwa wakiuziana vitu. Akamwona mwanamke amevaa blauzi ya kitenge, kola yake imekaa vizuri mno. Bila salamu akashika pindo na kulipindua. Yule mwanamke akampiga kofi mkononi.

"Mama, unatafuta nini mu nguo yangu?"

Ndiye Feza. Mama Sare aliposimulia habari hii, na aliisimulia kwa kila aliyeingia dukani, alifika kwenye kofi akacheka mpaka akajishika ubavu. Alisema miaka yote amepindua nguo za watu na huyo ndiye wa kwanza kuzitetea.

Feza alikuwa fundi mjini kwao, ng'ambo ya ziwa, kabla vita havijamtoa. Kambini walimkuta anajua kazi, wakampa darasa la kufundisha ushonaji, na kila mwaka darasa likatoa mafundi wenye vyeti na cherehani. Alimweleza Mama Sare tatizo lake papo hapo sokoni: "Sasa kila mtu ni fundi. Nani atavaa?" Kuvuka soko lile kwenda kutafuta wateja hawaruhusiwi bila kibali, na waliomo ndani hawana cha kununulia gauni. Kwa hiyo mafundi walikaa wamekunja mikono mbele ya cherehani zilizopakwa mafuta vizuri.

Mama Sare akarudi Dar na wazo lake. Angepeleka vitambaa na vipimo kambini, wao washone, nguo zirudi Kariakoo. Kulikuwa na dada wa shirika moja aliyesimamia kile kituo cha ushonaji, mwembamba, mpole, mwenye mkoba mkubwa, naye alihangaika na ofisi mpaka mzigo ukaruhusiwa kuingia na kutoka. Nasema haya mapema kwa sababu baadaye nitamcheka kidogo, na bila yeye lisingefanyika lolote.

Mimi sikufurahi. Nilikuwa na wivu, na niliusema.

"Mama, hao wanapewa chakula. Sisi tunanunua. Iweje kazi yetu iende huko?"

Alikuwa anakata lesi, hakuinua uso. "Fundi, juzi hukula ubwabwa wa harusi pale Mnazi Mmoja?"

"Nilikula."

"Ulipewa?"

"Nilipewa."

"Mbona jana ulikuja kazini?"

Kibaraza kikaangua kicheko, nami nikachapa cherehani kwa hasira. Lakini hoja yangu haikuisha kwa kicheko, na mpaka leo sidhani kama ilikuwa hoja ya kijinga. Mwezi ule wa kwanza nilipata kazi kidogo kuliko kawaida. Wafanyabiashara jirani walimshauri awalipe wale wa kambini nusu, kwa kuwa hawana kodi ya chumba wala nauli. Hapo niliogopa kweli, maana fundi wa nusu bei angetufukuza sote kibarazani. Mama Sare akawajibu kwamba gauni halijui limeshonewa wapi, akawalipa kilekile alichotulipa sisi. Nikatulia kidogo, ingawa sikumwambia.

Dada wa shirika naye alikuja na lake. Alitaka kila nguo ishonewe kitambulisho kidogo ndani ya shingo, kilichoandikwa kwamba imeshonwa na mkimbizi, ili wateja waguswe. Alikuja na mfano wake, umetengenezwa vizuri, una maua pembeni. Mama Sare akaushika, akaupindua, akausifu ule uzi. Kisha akaninyooshea kidole.

"Na za huyu niandike nini? Imeshonwa na mpangaji wa Buguruni?"

"Mama, lengo ni watu waelewe wanamsaidia nani."

"Mwanangu, mteja wangu anataka kupendeza Jumamosi. Akishaguswa, mara ya pili atanunua kwa nani?"

Dada akacheka, lakini vile vitambulisho hakuvitupa. Aliviweka kwenye mkoba.

Basi ikaja harusi ya Ilala, oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Mama wa bi harusi alikuwa mtu wa watu, mwenye sauti, anayejuana na nusu ya Kariakoo na kusengenyana na nusu iliyobaki. Mama Sare aliamua sare zote za mashangazi zishonwe kambini. Alijua anachokiweka rehani. Zikipendeza, mama yule angezitangaza bure, na kina Feza wangekuwa na kazi msimu mzima. Zikiharibika, hakuna mtu Kariakoo ambaye angekubali tena kitambaa chake kipandishwe basi kwenda Kigoma, na kibali chenyewe cha mzigo, alivyosema dada wa shirika, kilisimama kwa sababu oda zilikuwepo. Mafundi wangerudi kukunja mikono.

Hapa lazima nitoe siri ya kazi yetu. Shangazi akipimwa nguo ya harusi, anabana pumzi. Futi ikimgusa kiunoni, tumbo linakwenda sijui wapi, mabega yanapanda, na anakwambia bila kufungua meno vizuri, "Andika hivyohivyo, fundi, mpaka siku yenyewe nitakuwa nimepungua." Hajawahi kupungua mtu. Fundi wa Kariakoo anaandika anachoambiwa, kwa heshima, halafu wakati wa kukata anaongeza vidole viwili kila upande na kuacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Hakuna anayemfundisha mwenzake jambo hili, na hakuna anayelitaja mbele ya mteja. Hata sisi kwa sisi hatulitaji. Mama Sare aliwapima mashangazi wale kwa mkono wake, wakabana pumzi kwa zamu, akaandika, akatuma.

Kwa Feza, kipimo kilikuwa kipimo.

Mzigo ulifika Alhamisi asubuhi, harusi Jumamosi. Mama Sare akatoa gauni la kwanza, akalipindua, ukucha ukatembea kwapani, ubavuni, kwenye pindo. Akatoa la pili. Machozi yakamlengalenga.

"Fundi, njoo uone kazi," akaniita.

Nikaenda, nikaona, nikarudi kukaa. Nilitamani nikute kasoro, sikuikuta.

Mchana wakaja mashangazi kujaribu. Zipu ya kwanza ilifika kiunoni ikagoma. Ya pili haikufika hata kiunoni. Shangazi mkubwa, mama mmoja mwenye heshima zake ambaye husomesha Kurani watoto wa mtaa, aliingiza kichwa na mikono, na hapo akakwama, mikono juu, uso ndani ya lesi, akawa anazungukazunguka dukani akigonga majora na kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna wanaume. Tulikuwepo. Tuligeukia ukutani, mabega yanatutikisika.

Mama wa bi harusi hakucheka. "Haya ndiyo matokeo," akasema, na aliisema ili mtaa usikie. "Kazi ya watu kuwapa wakimbizi wasiojua kushona. Sasa hivi nazunguka Kariakoo nzima, kila mtu ajue."

Dada wa shirika, aliyekuja kupiga picha za furaha, akairudisha kamera mkobani. Akamsogelea Mama Sare. "Mama, tunaweza kuwaeleza wageni kwamba ni kazi ya wakimbizi. Nina vile vitambulisho. Wakijua, wataelewa, hawatalaumu."

"Wataelewa nini? Kwamba mkimbizi hajui kiuno?"

Alichukua futi, akatandika gauni la shangazi mkubwa mezani, akapima kifua, kiuno, nyonga, kila mara akitaja kwa sauti, na kila mara akimsomesha mama wa bi harusi kile kilichoandikwa siku ya kupimwa. Vilikuwa sawa hadi uzi.

"Hawa wameshona tulichowaambia. Tuliowadanganya ni sisi. Mlibana pumzi, nikawaona, nikaandika, kwa sababu nawapenda na kwa sababu nimezoea. Kosa ni langu. Ukitaka kuzunguka Kariakoo, zunguka na jina langu, siyo lao."

Shangazi mkubwa, aliyekwishavuliwa gauni na kufunikwa kanga, ndiye aliyetangulia kukiri. "Ni kweli," akasema. "Mimi nilikaribia kuzimia."

Mwingine akacheka, akafuata mwingine, na mama wa bi harusi akageuka pembeni kuficha mdomo. Mama Sare akavuta futi upya. "Haya, jipangeni. Na safari hii mpumue." Sitasahau sauti ya mashangazi wale wakishusha pumzi kwa pamoja. Ni kama gurudumu la lori lililotobolewa.

Lakini kucheka hakuongezi kitambaa. Rangi ile ilikuwa imekwisha dukani, na sokoni tulikozunguka tulikuta za kufanana tu, na sare ya kufanana siyo sare. Mama Sare akampigia Feza, akaiweka simu mezani wote tusikie. Alimweleza yote.

"Mama, tulifuata vile mulituandikia."

"Najua, mwanangu. Mmeshona vizuri. Nataka kitambaa tu, na hakipo."

"Kiko. Angalia mu mfuko wa chini."

Chini ya mzigo kulikuwa na mfuko ambao hakuna aliyeufungua. Ndani yake kulikuwa na vipande vyote vilivyobaki wakati wa kukata, vimepigwa pasi, vimekunjwa na kufungwa kwa uzi, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo, mpaka vile vya pembetatu vinavyotoka kwapani, ambavyo fundi huvifagia. Kibaraza kizima tuliangalia chini. Tangu Kariakoo iwe Kariakoo, fundi hajarudisha kipande. Masalio ni ya fundi, mteja anajua na anajifanya hajui. Binti zangu wamekua kwa sketi za masalio, na mto ninaolalia una harusi za watu wengi sana ndani yake.

Vipande vilitosha. Tuliona mara moja kwamba vikiungwa vitatoa mabamba ya pembeni, kuanzia kwapa hadi nyonga, kwa kila gauni. Nilitegemea Mama Sare apige vigelegele. Badala yake aliinamia simu, na sauti yake ilikuwa kali.

"Feza, nani alikwambia urudishe hivi?"

"Hakuna, mama. Tuliogopa. Mungesema wakimbizi wameiba."

Nilikuwa nimewaonea wivu wanawake wale kwa miezi. Nilivyosikia neno lile, wivu ulinitoka, nikabaki na uchungu kifuani. Nilimfikiria fundi mkubwa kama yule anakunja vipande vya pembetatu kwa woga, na mtoto wake labda hana shati.

"Sikiliza," Mama Sare akasema. "Hivi vya leo vimetuokoa, nashukuru. Kuanzia mzigo ujao, masalio ni yenu, kama yalivyo ya mafundi wangu hapa, ambao wote ni wezi na ninakula nao. Ukinirudishia kipande tena, mimi na wewe tutagombana."

Tukasikia Feza akicheka, na nyuma yake wanawake wengine, kumbe nao walikuwa wanasikiliza. "Aksanti, mama. Tutaiba vizuri."

Alhamisi ile na Ijumaa hatukushona kitu kingine. Mimi ndiye niliyefumua mbavu za gauni la shangazi mkubwa, na ilinichukua muda kwa sababu mshono wa Feza haukutaka kuachia. Nilipoweka bamba niliongeza vidole viwili, kwa mazoea. Mama wa bi harusi alikaa nasi, mwanzo kwa kutulinda, kisha kwa kutupigia pasi. Dada wa shirika alishona vifungo, na vingine vilibidi virudiwe.

Jumamosi sare ziliingia ukumbini, na mabamba ya pembeni yakaonekana kama mtindo uliobuniwa kwa makusudi. Mashangazi walicheza mpaka mshereheshaji akawaomba wamwachie bi harusi nafasi. Shangazi mkubwa aliinua mikono juu, safari hii kwa hiari yake. Wiki iliyofuata wateja walikuja dukani wakitaka "ule mshono wa mbavu," na mama wa bi harusi alikuwa anawaambia watu kwamba aliubuni yeye. Mama Sare hakumkanusha. Oda zikapanda basi kwenda Kigoma msimu mzima, na mabasi yaliporudi, mzigo ulikuwa na nguo tu.

Niliondoka kibarazani baadaye, nikapata kichumba changu cha kushonea Buguruni. Miezi michache iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua uzi, nikapita Sikukuu. Mama Sare alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu mlangoni, macho hayaoni vizuri tena, ila sauti ni ileile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa kwanza, ninagombana."

Alikuwa kwenye simu, ameifungulia spika, na aliyekuwa upande wa pili ni Feza. Mama Sare alikuwa na harusi ya haraka, anataka wamshonee. Feza alikuwa anamweleza kwamba haiwezekani. Walimu wa shule za kambini wamewapa kazi, na kuna harusi hukohuko, ya kwao wenyewe, na wamekwishachukua vipimo.

"Feza mwanangu, ni mimi Mama yako."

"Ninajua, mama. Utungoje mwezi ujao."

"Niongeze malipo?"

"Hapana, mama."

"Nimekukosea?"

"Haukukosea. Tuko na kazi mingi. Mwezi ujao." Akamwaga salamu kwa watu wote wa nyumbani, akakata.

Mama Sare aliiweka simu mapajani. Nilidhani amekasirika, nikaanza kutafuta neno la kumpoza. Kumbe anatabasamu, na tabasamu likaendelea kukua mpaka likamfikia kila mahali usoni.

"Umesikia?" akaniuliza. "Kanikatalia."

"Nimesikia, Mama. Pole."

"Pole ya nini? Miaka yote hii kila ninachosema ni ndiyo mama, aksanti mama. Oda mbaya, ndiyo. Oda ya haraka, ndiyo. Nilikuwa nalala na wasiwasi, nikijiuliza huyu anafanya kazi na mimi au ananiogopa. Leo kaniambia hapana, na sababu kanipa." Akapiga makofi, akamwita muuza juisi ya miwa, akaagizia kibaraza kizima, watu ambao hata siwajui. Aliwasimulia wote namna alivyokataliwa, na kila aliposimulia, Feza alikuwa mkali zaidi.

Nilikunywa juisi yangu nikimtazama, na nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Alipomaliza kusimulia, aligeuza uso upande wangu.

"Sasa harusi ya watu bado ipo. Wewe una nafasi?"

Nilikuwa nayo. Oda aliyoikataa Feza nikaichukua mimi, nikaweka jora begani, nikaelekea kituoni huku nacheka peke yangu.